Mafundi chokaa kwenye nyumba ya mwaka 1938, Oysterbay: tathmini yangu baada ya masika

Nimesubiri masika yaishe ndipo niandike. Kazi ya ukuta ukiisifia mwezi wa tisa, jua linawaka na rangi ingali mpya, hujasema kitu. Jana asubuhi nilitoka nje na kanga mabegani, nikaupapasa ukuta wa mbele kuanzia kona ya upande wa bahari mpaka kona ya jikoni. Mkavu. Kwa miaka kumi na mitano, kila ulipofika mwezi wa tano, ukuta huuhuu ulikuwa unatoka jasho kama mtungi wa maji.

Basi hii ndiyo tathmini yangu ya mafundi chokaa waliotengeneza sura ya mbele ya nyumba yetu, mzee mmoja na vijana wake watatu, kazi iliyoanza Julai mwaka jana ikamalizika mwisho wa Septemba. Mzee hana kibao wala ofisi. Anaishi Mbagala, na kazi zake zote anazipata kwa kutajwa na watu. Majina siweki. Nitaeleza walichofanya, walichokosea na nilicholipa, ili mwenye nyumba kama yetu ajue la kuuliza kabla hajatoa hela.

Nyumba iko dakika kumi kwa miguu ukitoka Coco Beach, kwenye mitaa ambayo wakati wa ukoloni Waingereza waliitenga kwa ajili ya Wazungu. Kwenye ngazi ya mbele, saruji ikiwa bado mbichi, mtu alichora kwa msumari "1938". Haina ghorofa. Paa lake limeinuka sana na limeezekwa vigae vyekundu vya Mangalore, mbele kuna baraza pana lenye nguzo nne na sakafu nyekundu, na kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, nene kama urefu wa mkono kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya vidole. Baba alipewa akae akiwa mtumishi wa Serikali. Miaka ya mwanzo ya 2000, Serikali ilipowauzia watumishi nyumba zake, akainunua. Nimekulia humo, baba katolewa humo kwenda kuzikwa, na mama hadi leo anakaa barazani kila jioni kwenye kiti kilekile cha kamba. Majirani karibu wote wamebomoa wakapandisha maghorofa. Madalali wananipigia simu kuniambia kiwanja kina thamani, nyumba haina. Sikubaliani nao, na ndiyo maana nimeingia gharama hii.

Tatizo lilianza baba alipostaafu. Harusi ya kaka ilikuwa inakaribia, tukataka nyumba ipendeze mbele ya wageni. Tukamleta mkandarasi mmoja aliyekuwa na kabrasha la picha. Akapiga plasta ya saruji juu ya chokaa ya zamani, akaiskimu ikawa laini kama sahani, akamalizia kwa rangi ya mafuta. Nguzo akazivika vigae vya mfano wa mawe. Madirisha ya mbao akayang'oa, akaweka ya aluminiamu yenye vioo vya bluu. Akatandaza pevingi uwanja mzima mpaka zikagusa ukuta. Akafunga geti la bati zito, refu kuliko mtu, hata aliyesimama barabarani asijue kuna nyumba ndani. Kwa miaka miwili watu walitusifia.

Mwaka wa tatu rangi ikaanza kuvimba usawa wa goti. Ukibonyeza lengelenge unatoka unga mweupe, ukiuonja ni chumvi. Tukakwangua, tukaskimu, tukapaka. Ikarudi usawa wa kiuno. Mama ana daftari la matumizi ya nyumba; nimehesabu humo mara sita tulizopaka ukuta uleule. Mimi ni muuguzi. Najua kidonda chenye usaha ukikifunga plasta bila kukisafisha, kinafumuka pembeni. Miaka yote hiyo tulikuwa tunabandika plasta juu ya kidonda, na hakuna aliyetuambia.

Mzee nilielekezwa na fundi mwingine, aliyepanda kuangalia vigae vilivyokuwa vinavuja. Aliushika ukuta akiwa kwenye ngazi akasema, "Dada, huu ukuta ni wa mawe. Mtafute mtu wa Unguja." Mzee kazaliwa Unguja, na ujana wake umeishia kwenye majukwaa ya Mji Mkongwe, akitengeneza nyumba za mawe kabla na baada ya mji ule kuingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000.

Siku ya kwanza hakuja na picha wala futi. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akasalimiana na mama kwa kituo maana ni watu wa rika moja, kisha akaomba ndoo ya maji na kikombe. Akarusha maji kwenye plasta ya saruji, yakateleza chini kama kwenye jani la mgomba. Akarusha mahali plasta ilipokuwa imebanduka na jiwe liko wazi, yakanywewa papo hapo. Halafu akageuza mwiko, akawa anagonga ukuta kwa mpini huku sikio kaliweka karibu, na kila palipolia kama debe tupu akapatia alama ya mkaa. Alitumia nusu saa nzima hivyo. Alipomaliza ukuta ulikuwa na alama nyingi kuliko nafasi safi. Akaja kukaa barazani.

"Bi mkubwa," akamwambia mama, "nyumba hii mmeivalisha koti la mvua. Inatoka jasho, na jasho halina pa kupitia."

"Sasa tufanyeje, mzee wangu?"

"Mvueni koti."

Nilimwuliza kwa undani, akanieleza kwa lugha nyepesi. Nyumba za zamani kama yetu hazina nailoni iliyotandikwa juu ya msingi kuzuia unyevu. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya jiwe la matumbawe, ambalo limejaa vitundu, na zamani yalipanda kidogo tu, yakatokea kwenye chokaa, upepo wa bahari ukayachukua. Saruji na rangi ya mafuta zikayafungia. Yakikosa njia yanazidi kupanda, na yanapokaukia nyuma ya rangi yanaacha chumvi. Chumvi ikiganda inavimba na kusukuma kila kilicho mbele yake. Ndiyo yale malengelenge yetu. Na pevingi nazo zilikuwa zimeinua uwanja mpaka ukapita matundu ya hewa ya chini ya nyumba, matundu ambayo nilikuwa nayachezea mtoto na nilikwisha kuyasahau kabisa.

Kaka alipinga. Yeye alikuwa na picha kwenye simu: nguzo za duara zenye vilemba vya jipsamu, paa la mabati ya mfano wa vigae, taa za kuwaka ukutani. Nampenda kaka yangu na nyumba ni yake pia, kwa hiyo sikubishana naye kwa maneno. Jumapili moja baada ya ibada nikamwomba tupande daladala mpaka Posta, tukatembea. Tulianza na kanisa la Azania Front, lililojengwa na Wajerumani kati ya 1898 na 1902. Tukapita Boma la Kale pale Sokoine Drive, la tangu miaka ya 1860, enzi za Sultan Majid, kuta zake za mawe ya matumbawe zimepakwa chokaa tupu. Tukamalizia Ocean Road, hospitali ya mwaka 1897. Nilimwomba kitu kimoja: kila tukisimama, aniambie jicho lake limetua wapi kwanza.

Azania Front alisema paa, na vile vijipaa vidogo vya vigae vilivyo juu ya madirisha. Boma alisema mlango na unene wa ukuta. Ocean Road akanyamaza muda, akasema, "Kivuli." Ndivyo ilivyo. Majengo yale hayajabandikwa vitu. Uzuri wake unatoka kwenye paa lililotoka mbele ya ukuta, baraza linalotupa kivuli kizito, madirisha marefu yaliyopangwa kwa kipimo kimoja, na ukuta mtupu unaoacha hayo yaonekane. Nyumba yetu ni ndogo, haiwezi kulinganishwa na hayo, lakini vitu hivyo vinne inavyo vyote. Tulikuwa tumevifunika. Kwenye daladala ya kurudi kaka alisema tujaribu.

Kubandua kulichukua siku kumi na mbili, tindo na nyundo, mkono mkono, maana mzee alikataa mashine ya kuchimbia isije ikatikisa mawe. Hapa ndipo nilipomwamini. Kila saruji ilipokuwa imeshika sana, vijana walitaka kupiga kwa nguvu, naye anawazuia: "Taratibu, jiwe ni mzee kuliko wewe." Vigae vya nguzo viliondoka na ngozi ya jiwe, nguzo mbili zilibaki na makovu ambayo ilibidi yajazwe kwa chokaa na vipande vya kokoto ya matumbawe tulivyookota kwenye kifusi chetu wenyewe. Kifusi kilijaa lori moja na kirikuu mbili.

Chini ya dirisha la chumba cha baba, mahali ambapo mkandarasi hakufika vizuri, mzee alikwangua kwa wembe mraba mdogo kama kiberiti, tabaka baada ya tabaka. Krimu ya juzi. Kijani cha shule. Bluu ya bahari, ambayo mama aliitambua mara moja, ilikuwepo walipohamia. Pinki iliyopauka. Na chini kabisa, juu ya jiwe, chokaa yenye umanjano wa mbali, kama kiini cha yai kilichochanganywa na maziwa. Mama aliinama akaiangalia bila miwani. Akasema tupake hiyo.

Chokaa tulinunua ya Tanga, mifuko 30. Mzee hakuiweka ukutani siku ileile kama wanavyofanya wengi. Aliimwaga kwenye mapipa matatu chini ya mwembe, akaiunga maji, akaikoroga mpaka ikawa uji, akaifunika maji juu na kuiacha wiki tatu wakati kazi ya tindo na madirisha ikiendelea. Ikawa laini kama samli. Kipimo cha plasta kilikuwa ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga wa mto uliochekechwa. Alipiga tabaka mbili nyembamba, ya kwanza ikaachwa zaidi ya wiki, na kila jioni kijana mmoja kazi yake ilikuwa kunyunyiza maji na kutundika magunia mabichi mbele ya ukuta. Chokaa haikazi kwa haraka kama saruji. Inakaza polepole kwa kunyonya hewa, na ikikaushwa na jua kabla ya wakati inabaki unga. Ndiyo sababu alichagua miezi ya kusi, ambayo ina ubaridi na mvua chache. Kama unataka kazi hii, usiianze Januari.

Juu ya plasta ikaja chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, imetiwa rangi ya unga ya manjano vijiko kadhaa kwa ndoo. Mikono mitano. Mkono wa kwanza nilishtuka, kwa sababu ikiwa mbichi haionekani, unadhani wamepaka maji. Inakauka ndipo inaibuka. Kila mkono ukuta ulikuwa unapata kina, na leo ukiutazama saa kumi na moja jioni, jua likiingia upande wa barabara, unang'aa kwa ndani, kitu ambacho rangi ya dukani haikuwahi kutupa hata siku ya kwanza.

Madirisha ni sifa ya mama, ya mafundi ni kidogo. Mkandarasi alipoyang'oa, mama alikataa yatupwe, akayapanga stoo nyuma ya jenereta: pea nne za mbao zenye luva, bawaba za shaba, komeo za chuma. Pea tatu zilikuwa nzima chini ya vumbi na rangi. Ya nne ililiwa na mchwa. Tuliipeleka Keko kama kielelezo, fundi seremala akachonga pea mpya ya mninga kwa kupima luva moja moja, na ukiziweka sambamba utazitofautisha kwa uzito tu. Zimepakwa kijani kilichoiva. Vioo vya bluu vimeondoka. Sasa usiku tunafunga mbao na upepo unapita kwenye luva, na feni ya sebuleni tumeipumzisha.

Kwenye paa tuliongeza vigae 60 vya mtumba kutoka nyumba iliyobomolewa mjini. Kaka alikigeuza kimoja akakuta muhuri wa Basel Mission Tile Works na mwaka 1865, akafurahi akidhani ni kigae cha mwaka huo. Mwaka ule ni wa kuanzishwa kwa kiwanda cha wamisionari kule Mangalore, India, ndicho kilichotangulia kuchoma vigae vya namna hii, na waliendelea kuupiga kwenye vigae vyao miaka mingi baadaye. Mwaka 1865 Dar es Salaam yenyewe ndiyo kwanza Sultan Majid alikuwa anaijenga. Nalieleza hili kwa sababu wauzaji wa vigae vya mtumba wanautumia mwaka huo kupandisha bei. Usikubali. Kigonge kwa kucha. Kikilia kama kikombe ni kizima, kikitoa sauti nzito kina ufa.

Sasa makosa.

La kwanza ni muda. Mzee alisema wiki sita, zikawa kumi na mbili. Wiki tatu zilienda kwa sababu kijana wake mmoja alichukuliwa kazi nyingine, na sikuambiwa mpaka nilipouliza. Mtu mwenye mgonjwa ndani, au wapangaji, angeteseka na vumbi lile. Jirani wa kushoto alilazimika kuhamisha magari yake, nami nilikwenda kumwomba radhi mara mbili.

La pili, kona ya bahari. Mchana mmoja vijana walitoa magunia wakayatumia kubebea mchanga, jua la saa nane likaupiga ukuta mbichi, kesho yake plasta ikawa na nyufa kama matope ya bwawa lililokauka. Mzee alipofika asubuhi hakusema neno. Alichukua tindo mwenyewe, akaibomoa yote, mita nne za mraba, na kuirudia kwa gharama yake. Kosa ni lao, na namna alivyolisahihisha imenifanya nimheshimu zaidi.

La tatu ndilo linaloniuma. Chokaa inaunguza. Vijana walifika kazini mikono mitupu na macho wazi, na wiki ya pili ya kupaka mmoja akarukiwa jichoni. Kwa bahati nilikuwa zamu ya usiku, mchana nipo nyumbani. Nilimlaza barazani, nikamfungua kope kwa vidole na kummiminia maji safi kwa zaidi ya nusu saa, halafu tukampeleka hospitali. Amepona, anaona. Lakini jicho lile lingeweza kupotea. Jioni ileile nilinunua miwani minne na glavu za mpira Kariakoo, na kuanzia hapo nilikuwa nawakagua kabla pipa halijafunguliwa. Mzee anasema wao tangu zamani wamefanya hivyo. Nilimwambia kwa adabu yote, mzee wangu, zamani nayo ilikuwa na vipofu wake. Ukimwita, mweke sharti hilo siku ya kwanza, na uwe na ndoo ya maji safi karibu na kila pipa.

Jambo jingine si kosa, ni tabia ya chokaa: inapauka. Ukiegemea na shati jeusi unaondoka na mgongo wa unga. Upande wa kusi umeanza kufifia, na kila baada ya miaka miwili hivi utahitaji mkono mmoja au miwili mipya. Rangi haiko sawasawa ukuta mzima, kuna mawingu mawingu. Mimi napenda. Shangazi alipokuja Idi aliuliza kama bado tunaendelea kupaka.

Mzee pia hana mazoea ya karatasi. Nilikaa naye mezani, nikaandika mwenyewe kazi zote, bei na awamu za malipo, tukatia saini wote watatu pamoja na kaka. Karatasi hiyo ndiyo iliyotusaidia siku kazi ilipochelewa, kwa sababu malipo ya mwisho yalikuwa hayajafika.

Hesabu yenyewe: ufundi 2,800,000. Chokaa mifuko 30 kwa 9,000, jumla 270,000. Mchanga, kokoto na usafiri wa kifusi 520,000. Kutengeneza pea tatu za madirisha 360,000, na pea mpya 480,000. Vigae 150,000. Geti 950,000. Rangi ya unga, mirunda ya kukodi, magunia, miwani, glavu na vikorokoro vingine 310,000. Jumla shilingi 5,840,000. Mkandarasi mwingine tuliyemwita kutoa kadirio la kubadilisha vigae vya ukutani na kupaka upya alituambia milioni kumi na moja, na hakugusa suala la unyevu.

Kuhusu geti, hatukulibadilisha lote. Kaka ana hofu ya wezi na ana haki ya kuwa nayo. Mchomeleaji alikata nusu ya juu ya bati akaweka nondo zilizosimama wima, bila maua wala mikuki. Ukipita barabarani unaona paa, kivuli cha baraza na madirisha mawili ya kijani. Pevingi zimeondolewa kwa upana wa nusu mita kando ya ukuta wote wa mbele, na mahali pake pamejazwa kokoto, matundu ya hewa yako wazi. Dishi na injini ya kiyoyozi vimehamia nyuma. Miashoki sita iliyokuwa imesimama kama walinzi mbele ya baraza tumeikata, ukabaki mkrismasi wa baba, ambao Desemba iliyopita ulichanua mwekundu mbele ya ukuta ule na watu wawili wakasimamisha gari kuupiga picha. Chini tumepanda michongoma tuliyonunua kwa wauza miche wa Barabara ya Bagamoyo. Mwaka huu bado ni mifupi.

Sakafu nyekundu ya baraza mzee hakuigusa, alisema si kazi yake. Tuliziba nyufa kwa saruji yenye rangi nyekundu ya unga, na mama akasimamia polishi Jumamosi tatu mfululizo, kipande cha blanketi kuukuu chini ya mguu, kama alivyokuwa akitufanyisha tukiwa wadogo.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya jicho la yule kijana.

Nani amwite? Mwenye nyumba ya mawe na chokaa. Kama nyumba yako ni ya matofali ya saruji, ya miaka ya karibuni, chokaa haitakutatulia unyevu, tafuta chanzo kingine: gata linalovuja, bomba lililopasuka ndani ya ukuta. Ili ujue, kwangua mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango wa stoo, na urushe kikombe cha maji kama alivyofanya mzee. Kama jengo lako limetangazwa kuwa la urithi chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, usiguse hata dirisha kabla hujapata kibali. Na hata kama halijatangazwa, pita manispaa kwanza kabla hujabomoa chochote cha mbele.

Pipa moja la chokaa limebaki chini ya mwembe. Mzee aliniagiza maji yasipungue juu yake, kidole kimoja kila wakati, na halitaharibika hata likikaa miaka. Kila Jumapili mama analifunua, anaongeza kikombe, analifunika. Wiki ya kwanza ya Juni mzee anarudi na kijana wake kupaka mkono mmoja kona ya bahari, na miwani ninayo.